Naomba ushauri: kiingilio cha usiku wa mashairi Nakuru

Habari zenu wapendwa. Sisi ni washairi saba wa Kaptembwa na Bondeni, hapa Nakuru. Tangu Januari tunaghani kila Jumamosi jioni, bure, kwenye uwanja wa mgahawa mmoja. Watu wanakuja. Juzi mama muuza mahindi aliacha jiko lake likiwaka, akasimama na kipepeo cha kupepea moto mkononi mpaka binti yetu mdogo akamaliza shairi la marehemu nyanya yake. Machozi yalimtoka waziwazi.

Shida ni pesa. Spika tunakodi, nauli tunachanga, na mwenye mgahawa anauza chai na mandazi mpaka vinaisha lakini anasema sisi tunalipwa kwa "kujulikana". Inaniuma sana, maana mji huu uliingia mtandao wa UNESCO wa miji bunifu mwaka 2021 kwa ufundi na sanaa za jadi.

Je, tutoze kiingilio cha shilingi 100, au tupitishe kofia? Naogopa kumfukuza yule mama. Na mkataba na mwenye mgahawa huandikwaje, hasa kipengele cha mgao wa mauzo? Aliyewahi kufanya hivi, hata Kisumu au Eldoret, tafadhali anieleze.