Eti kazi yangu kuosha wazee, siasa za Uingereza na Ulaya niwaachie wao!

Binti Mzaramo
Wakuu, nimetoka kwenye shughuli sasa hivi, hata viatu sijavua, nina hasira za kupasua sufuria. Yule baba mnamjua. Kila aliyeko Uingereza anamjua, anayeshika maiki kwenye kila arusi na kila msiba bila kuombwa.

Tuko mezani, pilau mbele yetu, watu wanazungumzia mkutano wa Uingereza na Umoja wa Ulaya, London, Mei 2025, Starmer, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, alivyokubali wavuvi wa Ulaya waendelee kuingia maji ya Uingereza hadi 2038. Nikasema tu, kwa adabu, kwamba kule Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya kumetuumiza. Akaweka kijiko chini. Akanitazama. Mbele ya wakwe zangu akasema: "Wewe binti, kazi yako kuosha wazee. Siasa tuachie sisi."

Kuosha wazee! Mama mkwe akaacha kutafuna!

Huyu huyu 2016 alizunguka nyumba kwa nyumba akituhimiza tupige kura ya kutoka. "Mpolandi akiondoka, visa za ndugu zenu zitafunguka." Waliotaka kutoka walipopata karibu asilimia 52, alishangilia wiki nzima, utadhani bendera ya Umoja wa Ulaya kaishusha yeye.

Visa zilifunguka kweli, 2022, za hao hao wa kuosha wazee, maana watu wa Ulaya hawakuwa wanakuja tena kama zamani. Machi 2024 serikali ikatukataza walezi kuja na watoto. Julai 2025 wakafunga kabisa kuajiri walezi kutoka nje. Vyeti vya mdogo wangu vimelala kwenye bahasha huko Kisarawe. Halafu mimi ndiye sijui siasa?

Bibi ninayemwogesha kila asubuhi ananishika mkono ananiambia asante. Huyu ananinyamazisha. Mbele ya mama mkwe!

Mtoto wa Ngarenaro
Namjua! Msibani kwetu alihutubia mpaka maiti nusura iachwe na ndege.

Mzee wa Busara
Pole dada. Ila pilau ulimaliza?

Mluhya Halisi
Hoja iko wapi hapa? Uzi mzima ni mama mkwe. Ungemjibu palepale, si kuja kutulilia sisi.

Binti Mzaramo
Ningemjibu vipi mbele ya wakwe? Hukuliona lile jicho! Kuosha wazee, mtu mzima na ndevu zake!

Baba Foleni
Afadhali yako umetukanwa tu. Tangu Oktoba 2025 sisi wenye pasi ya Uingereza tukiingia Ulaya tunapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Mke wangu ana pasi ya Ujerumani, kapita na watoto zamani, mimi nimebaki kwenye foleni na mabegi yote.

Mwana Bukavu
Mnalia foleni? Rwanda ilijitoa ECCAS, jumuiya ya kiuchumi ya Afrika ya Kati, Juni 2025 kwa kunyimwa uenyekiti, ikatulaumu sisi Kongo. Ilishatoka 2007, ikarudi 2016. Yaani jirani anaingia na kutoka, na mpaka uko palepale.

Msukuma Mmoja
Kutoka si dhambi. Tanzania tulitoka COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, mwaka 2000, nani alikufa?

Mluhya Halisi
Hamkufa, lakini mmebaki na roho ile ile. Julai 2025 mmepiga marufuku wageni kufanya biashara za aina 15, hadi saluni! Hiyo ndiyo Jumuiya ya Afrika Mashariki?

Binti Mzaramo
Jamani, turudi kwenye mada. Huyu baba aombe radhi.

Msukuma Mmoja
Saluni za Nairobi zimejaa, mnatafuta nini Kariakoo?

Mluhya Halisi
Na vifaranga wetu mliowachoma Namanga 2017, nao walitafuta nini?

Msukuma Mmoja
Na mahindi yetu mliyoyazuia 2021?

Mluhya Halisi
Yalikuwa na sumukuvu, ile sumu ya ukungu!

Mzee wa Busara
Sumukuvu gani, ugali mliendelea kula.