Nywele nyeusi hadi kahawia ya asali: hina, rangi ya paketi au blichi?

ShelaBinti: Assalamu alaykum jamani. Nywele ni nyeusi tii, hazina dawa ya kulainisha, zimefika mabegani. Nataka kahawia ya asali, na kazi ifanyike nyumbani hapa Lamu. Ncha zimewahi kupita hina ya sokoni. Nichukue njia ipi?

Mpaka_Hina: Wa alaykum salaam dada. Hina tuiondoe mapema: haipunguzi weusi. Inashika juu ya unywele na kuongeza wekundu, basi kwa nywele kama zako utauona ukisimama juani tu. Piko nayo ndiyo usiiguse kabisa. Mara nyingi ina PPD, kemikali ya kutia weusi, na ngozi ikishaikataa kwa malengelenge, huenda ikakataa hata rangi za paketi maisha yako yote.

Fundi_Malindi: Kweli. Sasa paketi na blichi. Usidanganywe na picha ya paketi, tazama developa iliyomo, yaani kile kimiminika cha peroksidi kinachochanganywa na rangi au blichi. Ya 6%, yaani namba 20, inapandisha ngazi moja au mbili za weupe. Ya 9%, namba 30, mbili hadi tatu. Nywele nyeusi ziko ngazi ya 1 au 2 katika kumi, na asali iko kwenye 6 au 7. Kwa hiyo paketi itakufikisha kahawia iliyokolea, basi. Kama hiyo inakutosha, ishia hapo, nywele zitakushukuru. Ukitaka asali hasa, blichi haikwepeki.

Kwa urefu wa mabegani anza na unga wa blichi gramu 60 na developa ya 6% mililita 120, ila uuchanganye nusu nusu, maana mchanganyiko huchoka ukikaa. Bakuli liwe la plastiki, si la chuma. Gawa kichwa mafungu manne, chukua vishungi vyembamba vya nusu sentimita, anza kisogoni. Acha sentimita mbili kutoka kwenye ngozi. Joto la kichwa huharakisha blichi, na ukipaka mizizi pamoja na urefu utatoka na utosi wa manjano na ncha za kutu. Mizizi ipakwe mwisho.

Kila dakika tano futa kishungi kimoja kwa kitambaa kibichi utazame. Itapita nyekundu, kisha chungwa. Ikifika rangi ya nyama ya embe bivu, suuza, hata kama muda wa paketi haujaisha. Muda ukiisha na rangi haijafika, suuza vilevile. Mzunguko wa pili usubiri wiki mbili. Na isikauke kichwani, ikikauka haifanyi kazi tena.

Mrembo_Watamu: Mie naona 9% ni bora, unamaliza mara moja.

Fundi_Malindi: Saluni, kwa mkono uliozoea, sawa. Nyumbani wakati wa kaskazi, chumba kikiwa na joto, hiyo 9% inakimbia kuliko mpakaji. Fungu la kwanza linaiva kabla hujafika la nne. Na asikae mtu juani akingoja.

ShelaBinti: Na zile ncha za hina?

Mpaka_Hina: Hapo ndipo penye hatari. Hina safi inatoa tu chungwa sugu, lakini nyingine za sokoni zimetiwa chumvi za madini. Kata nywele chache za ncha, zitumbukize kwenye blichi iliyochanganywa, ndani ya gilasi, nusu saa. Zikichemka, gilasi ikipata moto au zikigeuka kijani, usipake kichwani. Kata ncha au ngoja zikue. Zikitoka salama lakini zinavutika kama mpira, bado jibu ni hapana. Rangi yenyewe nayo ijaribu nyuma ya sikio, ungoje saa 48.

Fundi_Malindi: Baada ya blichi bado hujapata asali, umepata chungwa. Paka rangi ya kahawia ngazi ya 6 yenye msingi wa majivu (ash), kwa developa ya 3%, kama dakika 20. Buluu iliyo ndani ndiyo inayoua chungwa. Zambarau ni ya kuua manjano, haitakusaidia hapa.

Mrembo_Watamu: Nimeelewa. Kuna wanaosema jiki ni blichi ya bei rahisi, je?

Mpaka_Hina: Hasha! Jiki ni ya sakafu na nguo. Inayeyusha unywele na kuunguza ngozi, na ikikutana na rangi yenye amonia hutoa hewa ya sumu. Isiingie hata chumba kimoja na kazi hii.

ShelaBinti: Maji yetu ya kisima yana chumvi kidogo.

Mpaka_Hina: Suuza blichi kwa maji hayo hadi utelezi uishe, halafu malizia kwa jerikeni ya maji ya mvua au ya kunywa. Usiku wa kuamkia kazi, paka mafuta ya nazi kwenye urefu, na usioshe kichwa kabla ya kupaka blichi. Ukienda baharini baadaye, lowesha nywele kwanza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, zisinywe chumvi nyingi.