Aliyesema "ziwa ni barabara pana tu" aje hapa ajibu

Wakuu, naandika huku vidole vinagongana kwa hasira. Mnamjua. Simtaji, na hana haja ya kutajwa: yule mwenye jibu la kila mada, kuanzia injini hadi ndoa za watu. Leo mtu kauliza kwa adabu zote anunue GPS gani ya boti yake ndogo ya kutembelea ziwani. Bingwa wetu kajibu mstari mmoja: "Chomoa ile ya kwenye gari, ziwa ni barabara pana tu."

Barabara. Pana. Tu.

Kifaa cha gari kimeundwa king'ang'anie barabara. Ukiyumba kidogo kinakurudisha kwenye lami kwa lazima. Ukikishusha majini kinaivuta alama yako mpaka njia ya kando ya ufuko, halafu kinakuamuru kwa sauti ya upole, "geuka kushoto". Kushoto kuna mwamba! Na hakiujui, maana ramani yake haina kina, haina mafungu ya mchanga, haina visiki. Maji yote kwake ni bluu moja, kama ndoo.

Kaulizwa "na kina je?" Kajibu: "Kina utakiona kwa macho." Samaki wenyewe wamelazimika kukaa chini wacheke.

Cha kuuliza kabla ya bei, kabla ya ukubwa wa skrini, kabla ya yote: ramani yake ina ziwa LAKO? Ramani za bahari na za maziwa mara nyingi huja kwenye kadi tofauti. Unaweza kununua kifaa cha maana kikakuonyesha ufuko tu na utupu katikati. Watengenezaji wakubwa wa ramani wana kitazamio kwenye tovuti zao: fungua, tafuta ziwa lako, vuta karibu hadi mistari ya kina itokee. Isipotokea, tafuta kifaa chenye sona (kipima kina kwa mawimbi ya sauti) kinachochora mistari yenyewe huku unapita, nenda rudi, kwa njia sambamba. Na siku hiyo andika maji yapo kiwango gani, kwa sababu ziwa likishuka mita moja, palipoandikwa mita 2 pamebaki 1, na pangaboi la injini halisomi ramani.

Barabara pana. Jamani.

*Nanga Nzito:*
Mleta uzi umefoka weee, na yule muulizaji bado hajui anunue nini. Nimsaidie: skrini ya inchi 7, yenye VITUFE. Skrini ya kugusa tupu ikimwagikiwa maji inajibonyeza yenyewe, na kidole kibichi haikisikii. Kinga ya maji IPX7, yaani kinavumilia mita 1 ya maji kwa dakika 30. Kiwe na kitufe cha kuweka alama ya mtu aliyeanguka majini kwa mbonyezo mmoja, si kupitia menyu tatu huku mtu anakunywa ziwa.

*Kasia Moja:*
Hasira zote hizi na simu zipo? Simu inapokea setelaiti hata bila mtandao.

*Nanga Nzito:*
Inapokea, ndiyo. Ramani je? Usipoipakua kabla ya kuondoka unabaki na kidoti cha bluu juu ya karatasi nyeupe. Na ikikaa juani inapata joto, inafifisha skrini yenyewe, mwishowe inazima. Simu iwe akiba, ndani ya mfuko usioingia maji.

*Tezi na Omo:*
Tatizo la kweli ni watu wanaogawa namba za mahali (digrii, dakika na sekunde) bila kusema mtindo. Mtu anakuandikia dakika 30.500, wewe unaingiza dakika 30 sekunde 50. Sahihi ni sekunde 30! Kwenye latitudo umekosea zaidi ya mita 600, halafu unasema GPS mbovu. Angalieni mpangilio kwanza, na datamu, yaani msingi wa vipimo vya ramani, iwe WGS84, ile ya GPS yenyewe.

*Kasia Moja:*
Si wanasema jeshi la Marekani linaikosesha makusudi mita 100?

*Tezi na Omo:*
Walizima hilo Mei 2000, mkuu. Amka. Penye anga wazi tarajia mita 3 hadi 5. Na boti ikisimama mshale ukianza kuzunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, usikirudishe dukani: GPS inajua unakoelekea ukiwa unatembea tu. Ukitaka ijue omo, yaani mbele ya boti, imetazama wapi ukiwa umesimama, ongeza dira ya elektroniki.

*Mleta uzi:*
Turudini kwa yule jamaa. "Utakiona kwa macho." KWA MACHO!

*Fundi Chini ya Mkuku:*
Achana naye, wabaya ni hawa wanaofunga transdyusa (kile kihisi cha sona kinachokaa majini) nyuma ya pangaboi kisha wanalalamika sona inaonyesha mvua. Hayo ni mapovu! Pangaboi likizunguka kisaa, funga upande wa kulia, mbali nalo, isiwe nyuma ya mbavu yoyote ya chini ya boti. Ishuke chini ya kitako milimita 3 kwa boti ya faiba, 10 kwa ya alumini. Kabla ya kutoboa zungushia kekee utepe kuwekea alama ya kina, usije ukatokea upande wa pili. Tundu lizibwe kwa gundi ya boti, SI silikoni ya bafuni.

*Kasia Moja:*
Silikoni ya bafuni nayo si inazuia maji?

*Fundi Chini ya Mkuku:*
Mods, mfungieni huyu.

*Tezi na Omo:*
Na mjue sona ya 200 kHz yenye koni ya sauti ya digrii 20, kwenye kina cha mita 10, inaona duara la kama mita 3.5 tu, tena chini yako. Mwamba wa mbele haiuoni. Ndiyo maana ramani haikwepeki.

*Mleta uzi:*
Ndicho nilichosema mwanzo!! Barabara p

*Nanga Nzito:*
Kifaa kikizima kila ukiwasha injini, ni volti zinashuka stata ikivuta. Kipe betri yake. Inchi 7 yenye sona inakula kama ampea 1. Betri ya asidi ya 12 V 7 Ah usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo hesabu saa 3 na nusu, si 7.

*Fundi Chini ya Mkuku:*
Na fyuzi ikae karibu na betri. Wengi wanaiweka nyuma ya skrini, waya mzima unabaki bila ulinzi.

*Nanga Nzito:*
Karibu na skrini ni rahisi kubadilisha.

*Fundi Chini ya Mkuku:*
Rahisi kubadilisha fyuzi, au rahisi kubadilisha boti iliyoungua?

*Kasia Moja:*
Mimi nimevaa miwani ya jua na skrini ni nyeusi tupu, ni fyuzi?

*Tezi na Omo:*
Ni miwani hiyo inaziba mwanga wa skrini. Inamisha kichwa pembeni.

*Kasia Moja:*
Imewaka!!