Intanshipu za kulipiwa kwenye kampuni ndogo za bayoteki: Massachusetts, Canada au kampuni kubwa, ipi ina faida?

MjombaLowell
Habari zenu wakuu. Nina mpwa wangu, binti wa dada, anasoma bayoteknolojia Middlesex Community College hapa Lowell, amemaliza mwaka wa kwanza na ana grini kadi. Anatafuta intanshipu ya kiangazi na nyumbani kila mtu ana lake. Mama yake anataka kampuni kubwa za Kendall Square, mtaa wa bayoteki kule Cambridge, maana jina linajulikana mpaka kwetu Kisii, mwalimu wake kamwambia kuna mpango wa jimbo unaolipia mshahara kwenye kampuni ndogo, na shangazi yake wa Toronto anasema aende kule serikali inatoa mpaka dola 7,000. Mimi ni dereva wa lori, hizi mambo za maabara nazisikia tu, lakini huyu mtoto ndiye wa kwanza kwetu kuingia sayansi na sitaki kiangazi chake kipotee bure. Mliopita huko nilinganishieni.

PipetiYaPili
Shikamoo mjomba. Huo wa jimbo unaitwa Internship Challenge, uko chini ya Massachusetts Life Sciences Center. Mwaka 2008 gavana Deval Patrick alisaini sheria ya dola bilioni 1 kwa miaka 10 kukuza bayoteki, na hizi intanshipu zikaanza 2009. Kampuni ya watu sita au kumi haina fungu la mwanafunzi, kila senti imeshapangiwa majaribio, kwa hiyo jimbo linairudishia mshahara wa mwanafunzi kwa wiki zisizozidi 12. Lazima iwe kampuni ndogo, wafanyakazi wasizidi 100. Wanafunzi wa vyuo vya miaka miwili wamo kabisa, asije mtu akamtisha.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Kujisajili kwenye mtandao wao na kuweka CV hakumpi mtu nafasi, kampuni ndizo zinapekua na kuita watu intavyuu. Wengi wanajisajili halafu wanakaa kusubiri simu mpaka kiangazi kinaisha. Binti ajisajili kisha awaandikie mwenyewe wenye kampuni. Hapohapo Lowell kuna M2D2, kituo cha kulea kampuni changa cha chuo kikuu cha UMass Lowell, kampuni za vifaa tiba na bayoteki zimejaa humo. Vituo kama hivyo viko Worcester, Massachusetts Biomedical Initiatives, na Cambridge, LabCentral. Kampuni ya watu watano ukiiandikia imeili anayeisoma ni mwenyewe aliyeianzisha.

DadaHamilton
Mjomba, huyo shangazi wa Toronto ana nia njema ila hiyo pesa haimhusu binti. Mpango wa Canada unarudishia mwajiri asilimia 50 ya mshahara mpaka dola 5,000, na inapanda kuwa asilimia 70 mpaka dola 7,000 kama mwanafunzi ni wa mwaka wa kwanza, au msichana anayesoma sayansi, au mhamiaji mgeni, na makundi mengine kadhaa. Upande wa bayoteki wanaosimamia ni BioTalent Canada. Lakini lazima uwe unasoma chuo cha Canada, na uwe raia, mkazi wa kudumu au mkimbizi aliyekubaliwa. Mwanafunzi wa viza hapati. Mimi nilipita huo mpango nikiwa na ukaazi na nikafurahi sana, wenzangu wa darasa moja waliokuja kwa viza kutoka Dar na Nairobi wakakosa, na iliniuma kwa sababu walikuwa wanajua kazi kuliko mimi.

Tofauti nyingine, Canada mwajiri anabaki na sehemu ya mshahara ya kulipa kwa hiyo anakuchagua kwa makini, na akikuchukua anakupa kazi ya maana kwa sababu na yeye ametoa chake.

Msomi_wa_F1
Niongezee kwa wenye viza ya mwanafunzi ya Marekani, F-1, wanaosoma hii thread. Mpango wa jimbo huku hauulizi uraia, unachotakiwa ni kuwa na ruhusa ya kufanya kazi. Kwa hiyo unapitia CPT, yaani ruhusa ya kufanya kazi inayohusiana na masomo ukiwa bado unasoma, umalize kwanza mwaka mzima wa masomo, upate barua ya kampuni, uipeleke ofisi ya wanafunzi wa kimataifa na USIANZE KAZI hata siku moja kabla I-20 mpya, fomu ya chuo yenye ruhusa hiyo, haijatoka. Pia ukifikisha miezi 12 ya CPT ya kutwa nzima unapoteza OPT, ile ruhusa ya kufanya kazi baada ya kuhitimu, kiangazi kimoja hakina shida ila watu wanaunganisha na mihula bila kupiga hesabu. Na ukiona mshahara wako umekatwa kodi za Social Security na Medicare, za pensheni na bima ya afya ya wazee, na bado uko ndani ya miaka mitano ya kwanza, nenda waambie, hutakiwi kukatwa.

KendallKila5Asubuhi
Mimi nimefanya pande zote mbili, kampuni kubwa kiangazi kimoja na ndogo kiangazi kilichofuata. Kubwa mshahara ulikuwa mzuri, mafunzo ya usalama yamepangika, kadi ya mlangoni ina picha yako, mwisho unatoa prezentesheni mbele ya mabosi. Lakini nilishika kipande kimoja kidogo cha mradi na kiangazi kizima sikujua kinaenda wapi. Na mama mtu aambiwe ukweli, hizo nafasi zinagombaniwa na watu wa MIT na Harvard, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kutoka chuo cha miaka miwili atatuma maombi mengi sana kabla hajajibiwa.

Kwenye ile ndogo tulikuwa wachache mno, wiki ya pili nikaachiwa seli nizitunze mwenyewe. Unafungua inkubeta, kabati la joto la seli, asubuhi unatazama rangi ya medium, yale maji ya chakula chao, ikiwa bado nyekundu ziko sawa, ikianza kuwa njano ujue zimekula zimemaliza na asidi imepanda, unazibadilishia au unazigawa kwenye chupa mpya siku hiyohiyo hata kama ni Jumamosi. Mkutano wa Jumatatu nilikaa meza moja na mkurugenzi, nikasikia wawekezaji wanauliza nini na kwa nini jaribio fulani limesimamishwa. Kilichonipa kazi baadaye ni hizo seli, intavyuu waliniuliza mambo ya seli karibu nusu saa nzima.

Ila kampuni ndogo zina lao. Rafiki yangu aliingia moja, siitaji, ikawa inamtuma kupanga friza na kupokea maboksi kiangazi chote maana haikuwa na mtu wa kukaa naye. Kumbuka kampuni inalipa kwanza halafu ndiyo irudishiwe, kwa hiyo kama mfuko wake umekauka wa kwanza kucheleweshewa mshahara ni mwanafunzi. Aulize.

MamaWawili_Worcester
Mmesahau work-study, ule msaada wa serikali kuu unaomlipa mwanafunzi kwa kufanya kazi. Huyo binti ana grini kadi, ajaze FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa fedha za masomo. Watu wanadhani work-study ni kukaa maktaba ya chuo tu, kumbe sheria inaruhusu hata kampuni binafsi ya biashara, mradi kazi ihusiane na masomo, na serikali kuu inachangia mpaka nusu ya mshahara. Sio kila chuo kinapenda kufanya hivyo maana makaratasi ni mengi, lakini ofisi ya misaada ya fedha iko hapo hapo chuoni, kuuliza ni bure. Na REU, nafasi za kiangazi za utafiti kwa wanafunzi zinazolipiwa na National Science Foundation, nazo zipo kwa raia na wenye grini kadi, ila hizo ni maabara za vyuo, zinamfaa anayewazia PhD.

Kariakoo_Bayo
Nawasoma kutoka Dar na roho inaniuma kidogo. Huku mafunzo kwa vitendo mwenye mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, anapewa shilingi 10,000 kwa siku mpaka siku 56, na hiyo ni deni lake mwenyewe atalilipa. Kampuni inayompokea hairudishiwi kitu, ndiyo maana tunaishia kubanana kwenye maabara za hospitali na taasisi za serikali. Mngeleta huo utaratibu huku vijana wangefika mbali.

MjombaLowell
Asanteni sana jamani, nimemsomea yote, Canada tumeifuta. Anataka M2D2 maana anaweza kufika kwa basi. Kwenye imeili aandike nini?

PipetiYaPili
Fupi, mistari sita saba. Anasoma nini, mbinu gani za maabara ameshazifanya kwa mikono yake, amesoma nini kuhusu kazi yao hasa, na kwamba ameshasajiliwa Internship Challenge kwa hiyo wanaweza kurudishiwa mshahara wake. Wakimwita aulize nani atakuwa anamwelekeza kila siku na mshahara unatoka kila baada ya wiki ngapi. Na alipwe kama mwajiriwa, fomu ya kodi ya W-2, wakimwambia 1099, ile ya mkandarasi wa kujitegemea, aondoke. Asingoje mwezi wa tano, aanze kutuma wiki hii, na akitaka nimpitilie CV anitumie inbox.