808 ni mashine au ni sauti? Nimewekeana chipsi mayai na mtu

Bitimeka wa Sinza:
Wakuu, habari za jioni. Mimi natengeneza biti, kistudio chetu kipo Sinza, chumba kimoja tu, ukutani tumebandika trei za mayai. Jana usiku nimebishana na mwenzangu mpaka jirani akatugongea dirisha. Mimi nasema 808 ni mashine ya kupigia ngoma, kitu unachoweza kukibeba kwapani. Yeye anasema 808 ni ile besi nzito ya kwenye hip hop ya trapu, na asili yake ni Atlanta. Nikamwambia zile ngoma za breki dansi, za akina baba zetu, zina besi hiyohiyo na zilitoka hata hatujazaliwa. Akasema lete ushahidi. Dau ni chipsi mayai na soda.

Wazee mliokuwepo miaka ya themanini, nani hasa walianzisha haya mambo? Na mbona zile ngoma za mwanzo zinalia kama kiwanda badala ya bendi? Nimejisomea mtandaoni, nimetoka na majina ishirini na kichwa kinauma.

Kijiwe Nongwa:
Hip hop ilianza Mbeya. Funga uzi.

Chuga Original:
Arusha, mkuu. Usipotoshe watoto.

Fundi Kaseti:
Waacheni hao wawili. Bitimeka, kaa nikueleze, na uvumilie maana mimi naandika kwa kidole kimoja.

Ni fundi redio. Kibanda changu kipo Tandika, ila ufundi nimeupatia Gerezani. Mwaka 1986, nikiwa bado najifunza, alikuja baharia mmoja na redio kaseti ya spika mbili, ile ya betri kubwa. Mpira wa ndani ulikuwa umelegea, kanda inaimba kama mlevi. Humo ndani kasahau kanda yake, TDK ya dakika 90, juu imeandikwa kwa kalamu ya bluu BREAK 4, basi. Kubadilisha mpira ni kazi ya nusu saa. Mimi nilikaa na redio ile wiki mbili, nikiulizwa nasema naijaribu. (Mwenyewe alikuja kuichukua akaahidi kuleta hela kesho yake. Namngoja mpaka leo.)

Wimbo wa tatu wa upande wa kwanza ndio ulionishika. Gitaa hakuna, tumba hakuna. Kuna ngoma inapiga duu, chini kabisa, bisibisi zinatembea juu ya meza. Halafu kengele kavu, ko-ko, ko-ko. Halafu juu yake kinapita kinanda cha huzuni, utadhani kuna msiba mahali. Wimbo huo sikuujua jina kwa zaidi ya miaka ishirini. Siku zile huku bara hata televisheni hatukuwa nayo, na redio ilikuwa moja, ya serikali. Ambacho hukukisikia pale ulikisubiri kwa mabaharia. Sisi tuliuita "wa maroboti", na mtu akitandaza boksi la maziwa chini azunguke kwa mgongo, ndio alikuwa anaomba huo.

Mpwa wangu alipokuja kunionyesha YouTube nikaujua: Planet Rock, Afrika Bambaataa na Soulsonic Force, 1982, New York. Na kile kinanda cha msibani wamekichukua kwa Wajerumani, Kraftwerk wa Düsseldorf, waliokitoa 1977. Yaani vijana weusi wa Bronx, huko huko New York, wanawacheza Wajerumani waliojifanya maroboti. Mimi nilikaa nikacheka.

Lakini chanzo si hapo. Rudi nyuma miaka tisa. Tarehe 11 Agosti 1973 msichana mmoja wa Bronx, Cindy Campbell, alitaka hela ya nguo za kufungulia shule. Wakafanya dansi la kiingilio kwenye ukumbi wa ghorofa walilokuwa wakiishi, 1520 Sedgwick Avenue, na kaka yake akapiga santuri. Kaka huyo ndiye DJ Kool Herc, mzaliwa wa Kingston, Jamaika, alikokulia kwenye maspika makubwa ya mtaani. Herc aliona watu hawahangaiki na wimbo mzima. Wanangoja kile kipande ambacho waimbaji wananyamaza na ngoma inabaki peke yake, sekunde chache tu. Akanunua santuri mbili za wimbo uleule, huku kipande kikiisha anakirudia kule. Sekunde chache zikawa dakika. Ndiyo hip hop hiyo, mwanangu, na rapa hajaja bado. Kuna jamaa tu kashika kipaza sauti anataja majina ya marafiki zake.

Sasa niambie, vijana wa singeli wa Manzese wanaokata kipande cha taarabu, wanakizungusha, wanakiongeza kasi mpaka bibi yako hakitambui, wanafanya nini tofauti?

Aliyekuja kuninyooshea mambo zaidi ni Grandmaster Flash, kwa sababu yule ni fundi mwenzangu. Joseph Saddler, kazaliwa Barbados, kasomea umeme kwenye shule ya ufundi. Herc alikuwa akidondosha sindano kwa kubahatisha. Flash akaanza kuchora alama kwa kalamu ya nta juu ya santuri, ajue kipande kinaanzia wapi, akaweka kitambaa kigumu chini yake ili iteleze bila kusimamisha motor. Akajitengenezea na swichi ya kusikiliza santuri moja kwenye hedifoni wakati nyingine inalia nje. Mtu akikwambia DJ anacheza tu na vitu vya wenzake, mwambie akatengeneze hiyo swichi.

Turudi kwenye chipsi yako. TR-808 ni mashine, ya Roland ya Japani, ilitoka 1980. Ndani yake hakuna ngoma iliyorekodiwa hata moja. Kuna saketi. Rezista na kapasita zimepangwa hivi kwamba saketi ikipigwa na umeme wa ghafla inalia, kisha inanyamaza yenyewe, kama sufuria ukiligonga kwa mwiko. Kwenye ngoma kubwa kuna kitufe cha kuzungusha kimeandikwa DECAY. Ukikirudisha, inasema "ti". Ukikizungusha mpaka mwisho inasema "duuuuu" na hainyamazi upesi. Hiyo duuuuu ndiyo besi ya mwenzako. Ndiyo maana zinalia kama kiwanda: hakuna aliyegonga ngozi, umeme umegonga umeme.

Na haikuuzika. Wanamuziki wakubwa walitaka ngoma inayofanana na ngoma. Zilitengenezwa kama 12,000, mwaka 1983 wakaacha, zikaanza kuuzwa mitumba. Ziliposhuka bei ndipo wasio na hela wakazipata.

Santuri Mbili:
Shikamoo mzee Fundi. Umemaliza kila kitu, ila niongeze mawili ili dogo asidhulumiwe chipsi.

Kwanza, kinanda cha Planet Rock hawakukikata kutoka kwa Wajerumani. Kilipigwa upya studioni na John Robie, mtayarishaji akiwa Arthur Baker. Sauti yenyewe ni ya Trans-Europe Express, wimbo huo wa Kraftwerk wa 1977 uliousema, lakini mdundo umefuata wimbo wao mwingine, Numbers, wa 1981. Na 808 hawakuwa nayo! Baker amesimulia kwamba waliona tangazo gazetini, jamaa anakodisha mashine yake ya ngoma kwa dola 20 kwa kikao. Jamaa akaja nayo, wakamwambia panga hivi, panga vile, akachukua dola zake akaondoka.

Pili, kila mtu anaishia New York. Detroit kulikuwa na Juan Atkins na Rick Davis, wanajiita Cybotron, walitoa Clear mwaka 1983. Los Angeles alikuwepo Egyptian Lover na 808 yake. Na kwa wale wanaodhani mashine hii ni ya wahuni tu, Sexual Healing ya Marvin Gaye, 1982, ngoma yake ni hiyohiyo. Wameichezea harusini bila kujua.

Fundi Kaseti:
Marahaba. Hapo kwenye kinanda umenisahihisha, miaka yote hii nilidhani wamekata. Dola 20! Na fundi hata jina halikuandikwa kwenye jalada, au vipi? Nawajua watu hao.

Kijiwe Nongwa:
Mzee, lakini Mbeya...

Bitimeka wa Sinza:
Shikamooni wote. Nimemsomea mwenzangu neno kwa neno, amekaa kimya kama dakika tatu. Halafu akafungua laptopu, akachukua kiki ya kawaida ya 808, yaani ile ngoma kubwa, akaivuta mkia kidogo kidogo. Ti. Tii. Duu. Ilipofika duuuuu trei mbili za mayai zikabanduka ukutani.

Hukumu yake: mashine ni kweli ni mashine, ila besi anayoisema yeye nayo ni kweli imo humo ndani, kwa hiyo hajashindwa yote. Chipsi atanunua. Mayai kakataa. Soda tunagawana.

Mzee Fundi, ile kanda ya BREAK 4 unayo bado?

Fundi Kaseti:
Ninayo. Yule hajalipa.