Tikiti maji, tikiti tamu, tango au papai: kipi kinamfaa mbwa katika joto la Dar?

Mama Neema, Tabata

Wanajukwaa, poleni na joto. Ninao mbwa wawili: Simba, wa kienyeji, mwenye kilo 22 hivi, na Popi, mdogo wa kilo 6, ambaye mwanangu aliletewa na mjomba wake. Tangu Desemba iingie, pamoja na unyevu huu wa pwani unaofanya hata nguo zilizoanikwa usiku ziamke mbichi, wote wawili hutweta kuanzia saa nne asubuhi mpaka jua linapozama. Jumamosi iliyopita nilinunua tikiti maji kwa kijana wa guta, na nilipokuwa nikilikata, kipande kimoja kiliniteleza kikaanguka barazani. Simba alikibana kwa miguu ya mbele, akaguguna nyama yote nyekundu hadi kwenye weupe, kisha akalamba sakafu mpaka ikang'aa, mbegu mbili zikiwa zimemganda kwenye sharubu. Tangu siku hiyo akisikia kisu kinapasua tikiti, huja mbio hata kama alikuwa amelala.

Ninataka kujua, kati ya tikiti maji, lile tikiti dogo lenye ganda la michirizi kama wavu na nyama ya rangi ya chungwa (gengeni kwetu wanaliita tikiti tamu), tango na papai, ni kipi nimpe kwa usalama zaidi na kwa kiasi gani. Niongeze kwamba dada anayenisaidia kazi ni Mwislamu, na ameniomba kwa upole vyombo vya mbwa, yaani kisu, kibao na bakuli, vikae kando na vyetu. Nimekubali, kwa hiyo maandalizi yote ninayafanyia nje.

Mfugaji wa Kigamboni

Dada, mimi ninao watatu na nimejaribu vyote ulivyovitaja, kwa hiyo nitakueleza kwa kulinganisha.

Tikiti maji ndilo rahisi kupatikana, na katika gramu 100 zake takriban 92 ni maji, huku nguvu zake zikiwa kalori 30 tu. Tikiti tamu halipishani nalo sana, maana lina maji kama asilimia 90 na kalori 34, ila sukari yake iko juu kidogo na lina vitamini A kwa wingi, jambo ambalo rangi yake yenyewe inalitangaza. Kasoro yake kwangu ni bei, kwa sababu mengi huuzwa supamaketi, na sioni busara ya kumnunulia mbwa tunda ambalo watoto wangu wenyewe hulila mara moja kwa mwezi. Papai lina kalori 43 na ni laini, kwa hiyo mbwa mzee asiye na meno hulila bila taabu, lakini likizidi kidogo tu utaona kinyesi kimelegea.

Tango ndilo ninalolipenda kuliko yote, ingawa najua wengi watabisha. Lina maji kama asilimia 95, kalori 15, na sukari kidogo sana. Mbwa wangu mmoja alinenepa baada ya kuhasiwa, na kwake tikiti maji nimelifuta kabisa nikabaki na tango. Tatizo ni kwamba mbwa wengi hulinusa tango wakaondoka zao, kwa hiyo siku za mwanzo utalazimika kulipaka mchuzi kidogo usio na chumvi wala kitunguu.

Mzee wa Upanga

Nimefuga mbwa tangu miaka ya sabini na sijawahi kumkatia hata mmoja tunda. Walikula ugali wa dona, dagaa na vichwa vya samaki, wakanywa maji, wakazeeka. Mbwa anahitaji maji na kivuli, na haya mengine ni mambo ya watu wenye nafasi. Ninachohofia ni kwamba mtu atamkatia mbwa wake tikiti, aone amemtendea wema mkubwa, kisha asahau kwamba kopo la maji limekauka tangu asubuhi.

Tabibu wa Mifugo

Shikamoo Mzee. Nimesomea tiba ya wanyama pale Sokoine, Morogoro, na katika hili ninakuunga mkono kwa sehemu kubwa. Tikiti si mbadala wa maji. Mbwa wa kilo 22 katika joto hili anahitaji zaidi ya lita moja ya maji kwa siku, na huwezi kumpatia kiasi hicho kupitia tunda bila kumjaza sukari na kumharisha, na mbwa anayeharisha kwenye joto anapoteza maji mengi kuliko hayo uliyomlisha. Hata hivyo, kama kitafunio halina ubaya, na kwa mbwa anayekataa chakula mchana kwa sababu ya joto, vipande vichache husaidia kuamsha hamu.

Kuhusu kiasi, kanuni tunayoifuata ni kwamba vitafunio vyote kwa jumla visizidi sehemu moja ya kumi ya kalori za siku. Simba, kama ni mzima na anatembeatembea, anahitaji karibu kalori 1,100 kwa siku, hivyo nafasi yake kwa vitafunio ni kalori 110. Hesabu hiyo ingemruhusu zaidi ya gramu 300 za tikiti maji, lakini utumbo wake haujalizoea, kwa hiyo mimi ningeishia gramu 150 au 200, ambazo ni kama bakuli dogo la uji lililojaa vipande. Popi abaki kwenye gramu 40 au 50. Siku ya kwanza wape vipande viwili vitatu tu, kisha uangalie kinyesi cha kesho yake. Mbwa mwenye kisukari asipewe kabisa bila kumwuliza anayemtibu, na mwenye ugonjwa wa figo vilevile, hasa kwa tikiti tamu, kwa sababu potasiamu yake ni zaidi ya mara mbili ya ile ya tikiti maji.

Mbegu nyeusi chache alizozimeza Simba zitapita tu. Zikiwa nyingi, na hasa kwa mbwa wa ukubwa wa Popi, zinaweza kujikusanya na kuziba utumbo, kwa hiyo zitoe. Hatari kubwa zaidi iko kwenye ganda.

Dada wa Sinza

Hilo la ganda ninalo ushahidi wake. Jirani yetu anauza juisi, na kila jioni hutoa ndoo nzima ya maganda ya matikiti kwa ajili ya mtu anayefuga nguruwe. Siku moja mtu huyo alichelewa, nasi hatukufunga geti vizuri. Mbwa wetu alirudi usiku tumbo limemjaa, na alfajiri akaanza kutapika. Matapishi ya kwanza yalikuwa na vipande vya ganda la kijani vyenye ukubwa wa kiganja, vikiwa vizima kabisa, kana kwamba vimekatwa kwa kisu. Baadaye akawa anatapika povu tupu, hataki maji, na kila ukimgusa tumbo anakaza mgongo.

Daktari wa kwanza tuliyempigia simu alituambia ni minyoo, tukampa dawa na kupoteza siku nzima. Wa pili alipompapasa tu alitaka picha ya eksirei, na kumbe kipande kilikuwa kimekwama. Alifanyiwa upasuaji, akapona, lakini gharama yake ingetosha kununua matikiti ya mwaka. Jirani simlaumu, maana ndoo ilikuwa kwake na geti lilikuwa letu.

Mama Neema, Tabata

Pole sana, dada. Maganda yetu huwa nayarundika nyuma ya nyumba yakisubiri gari la taka, na leo hii nayahamishia kwenye pipa lenye mfuniko.

Nina maswali mawili zaidi. La kwanza, je, vile vipande vilivyokwisha kukatwa vinavyouzwa barabarani juu ya sinia, au yale matunda mchanganyiko ya kwenye kopo, yanamfaa mbwa? Mara nyingi Neema hurudi na kopo lililobaki nusu. La pili, je, tikiti la kutoka kwenye friji, au hata lililoganda, linadhuru?

Tabibu wa Mifugo

Tikiti la barabarani limekatwa saa ngapi hujui. Kisu kinapopita kwenye ganda lenye udongo, hubeba vijidudu vya nje na kuviingiza ndani, kwenye sukari na maji, mahali vinapostawi upesi. Tunda likishakatwa lisikae nje zaidi ya saa mbili, na hali ya hewa ikipita nyuzi 32, kama mchana wa Februari hapa Dar, saa moja inatosha. Tikiti tamu ndilo linalotaka uangalifu zaidi kwa sababu ya ile michirizi ya gandani, ambayo hushika uchafu na haisafishiki kirahisi. Nchini Marekani mwaka 2011, matikiti ya aina hiyo yaliyokuwa na bakteria wa listeria yaliua watu 33. Mbwa hustahimili vijidudu hivyo kuliko sisi, lakini anaweza kuumwa, na anaweza pia kuvisambaza sakafuni mnapocheza naye. Kwa hiyo osha ganda kwa maji yanayotiririka na brashi kabla ya kukata, hata kama hutalilisha ganda lenyewe. Utaratibu wa dada wa kutenganisha kisu na kibao ni mzuri kwa upande wa afya pia, na ningetamani wateja wangu wote wawe nao.

Kopo la matunda mchanganyiko usimpe. Ndani yake huweza kuwemo zabibu, na zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuharibu figo za mbwa kwa kiasi ambacho hakuna anayeweza kukutajia kwamba ni salama. Tangu 2021 wataalamu wa sumu za wanyama wanaishuku asidi ya tartariki iliyomo ndani ya zabibu, na asidi hiyohiyo iko kwa wingi kwenye ukwaju. Ninalisema hili kwa msisitizo kwa sababu ukwaju uko katika kila nyumba ya hapa mjini, na kuna mbwa waliopata madhara ya figo baada ya kuula. Juisi ya ukwaju iliyomwagika na makapi yake visimfikie. Tikiti lililonyunyiziwa chumvi na pilipili nalo libaki kwa mwenye nalo.

Ubaridi wa friji hauna madhara. Vipande vilivyoganda ni vigumu, na mbwa mwenye pupa anaweza kuvunjika jino au kumeza kipande kizima kikamkaba, hivyo kata vidogo, visizidi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba kwa Popi, na uviache vilainike dakika chache. Umeme ukikatika muda mrefu vikayeyuka na kupata joto, usivigandishe tena.

Kijana wa Mbezi

Wakuu, tunazungumzia tunda huku jambo lenyewe tumeliacha pembeni. Mbwa wengi wa ulinzi hapa mjini hufungiwa mchana kutwa katika banda la zege lenye paa la bati, hufunguliwa usiku, na mlango wa banda umeelekea magharibi ili usionekane na wageni. Nilikuwa nalo la aina hiyo. Siku moja niliingia saa tisa alasiri kuokota bakuli na sikuweza kukaa humo dakika mbili. Niliezeka makuti juu ya bati, nikaacha nafasi ya shubiri moja katikati ili hewa ipite, na nikatoboa ukuta wa nyuma nikaweka nondo. Kutweta kulipungua kuliko tikiti lolote lilivyowahi kusaidia.

Mzee wa Upanga

Marahaba, Tabibu, salamu yako nimeiona. Na wewe kijana wa Mbezi, umesema lile nililokuwa nalitafuta.

Tabibu wa Mifugo

Kijana yuko sahihi, na kuna mahali ambapo tikiti linaweza hata kuleta hatari. Mbwa akishapigwa na joto, yaani anatweta kwa kelele, mate yamekuwa mazito, fizi zimekuwa nyekundu mno, anayumba au anatapika, usimpe tunda wala kumlazimisha kunywa, maana anaweza kupaliwa. Joto la kawaida la mwili wake ni nyuzi 38 hadi 39, na likifika 41 viungo vya ndani huanza kuumia. Mpeleke kivulini, mmwagie maji ya bomba mwili mzima, mpepee au umwashie feni, na uanze kufanya hivyo kabla hujatafuta bajaji ya kumpeleka kwa daktari, kisha uendelee kumlowesha njiani. Mbwa wenye pua bapa hupatwa na hali hii upesi kuliko wengine.

Mama Neema, Tabata

Nawashukuru nyote. Imepita wiki moja, na nimeona niwaletee mrejesho. Kopo la maji limekuwa makopo matatu, moja chini ya mwembe, jingine barazani na la tatu kwenye banda, na dada huyabadilisha asubuhi, adhuhuri na jioni. Simba anapata vipande vyake vya tikiti maji saa kumi, vikiwa vimetolewa mbegu na kukatwa mbali na weupe, nami nimeanza kuvipima kwa bakuli lile la uji. Popi alilegea tumbo siku ya pili, nikasimamisha siku tatu, na sasa ninamjaribishia tango. Alilinusa, akaondoka, kama Mfugaji wa Kigamboni alivyotabiri. Nilipolipaka mchuzi wa dagaa alilamba mchuzi wote akaliacha tango likiwa safi kuliko nilivyoliosha.

Papai sijaligusa bado. Mbegu zake nazo nizitoe?

Tabibu wa Mifugo

Zitoe zote, pamoja na ganda, na kwa Popi subiri kwanza tumbo litulie.