Moyo umebaki dhaifu baada ya mshtuko: mazoezi hayatamuumiza baba?

Mwanahawa: Wapendwa, baba yangu ana miaka 61. Alipata mshtuko wa moyo, akawekewa stenti (kijibomba cha kuuweka wazi mshipa wa moyo), na eko, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, inaonyesha moyo unasukuma asilimia 35 tu. Daktari ameagiza mazoezi tiba. Mama hataki hata kusikia. Baba akiinuka kuchukua maji, anamkimbilia amkalishe. Na kweli, ngazi chache tu baba anahema huku kashika ukuta. Moyo uliochoka unapewa kazi tena?

Fizio wa moyo: Pole kwa kuuguza, dada. Kazi yangu ndiyo hii, na hofu ya mama naielewa. Zamani hata madaktari waliwalaza wagonjwa hawa wiki nyingi, mpaka madaktari wa moyo wa Marekani Samuel Levine na Bernard Lown walipoandika mwaka 1952 kuhusu kuwakalisha kitini mapema.

Asilimia 35 ni pungufu, lakini msiipime kwa 100. Hata moyo mzima hautoi damu yote kwa pigo moja. Hutoa kama asilimia 55 hadi 70. Tena kule kuhema ngazini si kwa sababu ya moyo peke yake. Misuli ya miguu ikikaa bila kazi hunyauka na kushindwa kutumia oksijeni vizuri, kwa hiyo hatua chache tu zinaulemea moyo. Ndiyo maana eko inaweza kubaki ileile na mgonjwa akapanda ngazi vizuri zaidi. Utafiti wa HF-ACTION wa mwaka 2009, uliokuwa na wagonjwa 2,331, ulionyesha kwamba mazoezi ni salama kwa wenye moyo dhaifu ambao hali yao imetulia.

Hiyo "imetulia" ndiyo muhimu. Apimwe kwanza, aanze chini ya uangalizi: kupasha mwili taratibu, kutembea dakika chache, kupumzika, kurudia. Asikatishe ghafla, apunguze mwendo kidogo kidogo.

Juma K: Mimi natumia saa inayosoma mapigo. Naye afuate hiyo?

Fizio wa moyo: Kama anameza dawa za kutuliza mapigo kama bisoprololo au karvediloli, mapigo hayapandi kama ya mtu mwingine, kwa hiyo saa pekee itampotosha. Mwambie azungumze akitembea. Akimaliza sentensi nzima huku anahema kidogo, huo ndio mwendo unaomfaa. Akikatakata maneno, apunguze.

Mwanahawa: Asante sana. Mama naye aje?

Fizio wa moyo: Aje, tena asimame karibu aone tunavyompima presha kabla na baada. Nyumbani baba ajipime uzito kila asubuhi. Akiongezeka kilo 2 ndani ya siku tatu au miguu ikivimba, asifanye mazoezi, mpigieni daktari siku hiyohiyo. Kifua kikibana, kizunguzungu kikija au moyo ukienda mbio ovyo, aache mazoezi palepale. Maumivu ya kifua yasipoisha baada ya dakika chache za kupumzika, iteni gari la wagonjwa.